Pikapu gani inafaa kwa gitaa kavu (Yamaha F310)? Kuna drams, kinanda na mikisa ya kawaida

NyuziSita ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Gitaa ni Yamaha F310, halijatobolewa popote. Jumapili linapigwa kanisani pamoja na drams kamili, besi na kinanda. Katikati ya wiki ni kikundi cha watu wanne bila drams. Mpaka sasa tunasimamisha maiki mbele ya tundu la gitaa, na drams zikianza ni moja kati ya mawili: gitaa halisikiki, au fundi mitambo akipandisha sauti maiki inapiga mluzi.

Madukani naona aina kama nne za pikapu (kinasa sauti cha gitaa): ya sumaku inayobanwa kwenye tundu, ufito unaokaa chini ya kile kijiti cheupe cha darajani, visahani vya kubandika kwa ndani, na zile seti za mstatili zenye tyuna ambazo lazima ukate ubavu wa gitaa. Hizi za mwisho sizitaki.

Naomba kujua ninunue ipi, na kama inaweza kwenda moja kwa moja kwenye mikisa yetu. Ina chaneli za maiki na laini tu. Pia mwenzangu ana gitaa la nyuzi za nailoni. Je, ushauri ni uleule?

---

FundiDaraja:

Mkuu, anza na mikisa, pikapu ije baadaye. Watu wengi humaliza bajeti yote kwenye pikapu, wanachomeka kwenye mikisa, sauti inatoka nyembamba kama ya redio, halafu lawama inaiendea pikapu.

Piezo yoyote (kinasa kinachogeuza mtetemo kuwa umeme), iwe ufito au kisahani, kiumeme ni kapasita. Ikikutana na ukinzani wa tundu unalochomeka, vyote viwili vinakuwa chujio linalokata besi. Hesabu yake ni fupi: masafa ambapo besi inaanza kukatika ni 1 gawanya kwa (2π × ukinzani × kapasitansi). Chukua ufito wa nanofaradi 1 usio na priampu (kikuza sauti kidogo cha kwanza). Kwenye tundu la laini la kiloomu 10 kila kitu chini ya takriban 16,000 Hz kinaanza kupungua, maana yake karibu muziki wote. Kwenye megaomu 1 mpaka huo unashuka hadi Hz 159. Kwenye megaomu 10 ni Hz 16, na hapo uzi wa 6 ukiwa wazi, ambao ni Hz 82, unapita mzima. Ndiyo maana DI (kisanduku kinachokaa kati ya gitaa na mikisa) nzuri za magitaa makavu, kama LR Baggs Para DI, zina tundu la megaomu 10.

DI boksi za bei ndogo zisizotumia umeme, zile zenye transfoma ndani, zina ukinzani wa kiloomu 140 hivi. Ukiweka ufito huohuo mpaka ni karibu Hz 1,100. Bado ni mbaya. Mtu akikwambia "chukua DI yoyote tu", muulize kwanza pikapu ina priampu au haina.

Ya sumaku nayo ina kasoro yake kwenye laini. Yenyewe ni koili yenye henri kadhaa, kwa hiyo tundu la kiloomu 10 linakata juu badala ya chini. Koili ya henri 3 itaanza kupoteza sauti za juu kuanzia Hz 530 tu. Unapata gitaa lililofunikwa blanketi.

Kwa hiyo njia ni mbili. Ama ununue pikapu yenye priampu na betri ndani ya gitaa, hapo unaweza kuchomeka karibu popote. Ama pikapu isiyo na betri pamoja na DI yenye umeme na tundu la megaomu 1 au zaidi. Mikisa nyingine ndogo zina kitufe cha Hi-Z (ukinzani mkubwa) kwenye chaneli ya kwanza. Hicho kinakusaidia, kitafute kabla ya kununua chochote.

---

MitamboNaMluzi:

Nakubali yote ya hapo juu, ila tusimsahaulishe tatizo alilokuja nalo: drams. Jukwaani kwenye drams kamili sauti nzuri inakuja ya pili. La kwanza ni pikapu itapandishwa kiasi gani kabla gitaa halijaanza kuvuma.

Kwa kipimo hicho ya sumaku inashinda. Inasikia nyuzi, haisikii ubao kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo mtetemo wa spika ukigonga uso wa gitaa haurudi wote kwenye waya. Ufito wa chini ya kijiti unafuata. Visahani vya ndani ni vya tatu kwa sababu vinasikia ubao wote, pamoja na kila kitu kinachoutikisa ubao huo. Maiki ni ya mwisho.

Gitaa kubwa la umbo la dreadnought kama F310 lina hewa ndani inayovuma yenyewe karibu na Hz 100. Piga uzi wa 6 freti ya 3, hiyo ni G ya Hz 98, halafu panda freti moja moja hadi ya 5. Noti moja hapo itajaa kuliko jirani zake. Hiyo ndiyo itakayoanza kuvuma sauti ikipandishwa. Kizibo cha mpira cha tundu kinapunguza mvumo huo sana, na hakigharimu kitu ukilinganisha na pikapu. Ubaya ni kwamba ukibana pikapu ya sumaku kwenye tundu, kizibo cha kawaida hakikai. Kuna vilivyokatwa nafasi yake.

Kwenye mikisa: washa kichujio cha kukata sauti za chini cha Hz 80 au 100. Kukiwa na besi gitaa usiogope kukipandisha mpaka Hz 150, besi haitaacha nafasi hiyo wazi hata hivyo. Kama ni ufito, punguza desibeli 3 hivi kati ya 1,500 na 3,000 Hz, ndipo ile sauti ya kulia kama bata inapokaa, hasa ukichapa nyuzi kwa nguvu. Ukiwa na EQ ya vitufe vitatu tu, punguza kati kidogo na ukae hapo. Kuongeza treble ili "isikike" ndiko kunakochosha masikio ya waumini.

Spika ya monita iwe mbele yako chini, na tundu la gitaa lisiitazame. Hata digrii 30 za kugeuza kiti zinabadilisha mambo. DI ikiwa na kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti), kibonyeze gitaa likianza kuvuma kwa chini. Mara nyingi mvumo unahama au unaisha, na ni bure.

---

NyuziSita:

Asanteni. Nimeangalia, mikisa haina Hi-Z, ila ina +48V (umeme unaopita kwenye kebo ya maiki). Ya sumaku naiona inafaa Jumapili, lakini nimesikia baadhi zinalia kama gitaa la umeme. Na ule ufito, ni lazima fundi afunge? Visahani vya piezo niliviona dukani kwa bei ya soda, je vinafaa kweli?

---

FundiDaraja:

Kulia kama gitaa la umeme, ndiyo, hasa zile rahisi. Sababu moja ni nyuzi. Uzi wa 1 na wa 2 ni chuma kitupu, na nne zilizobaki zina kiini cha chuma kilichozungushiwa bronzi, ambayo sumaku haiisikii. Kwa hiyo uzi wa 2 unapiga kelele kuliko wenzake. Pikapu yenye skrubu chini ya kila uzi inakuwezesha kushusha ya uzi wa 2, zungusha robo mzunguko, piga kodi ya G nzima, sikiliza, rudia. Isiyo na skrubu, inamisha upande. Seymour Duncan Woody na Fishman Neo-D ni za aina hii isiyo na betri: zinabanwa tundu bila kutoboa chochote, waya unatoka mbele. LR Baggs M1 ina koili ya pili inayoachiwa itikisike pamoja na ubao, ndiyo maana haina ule umeme-umeme mwingi. Fishman Rare Earth ina priampu na betri ndogo za saa, kwa hiyo haihitaji DI ya ukinzani mkubwa. Kati ya koili moja na mbili, chukua mbili au iliyoandikwa kwamba inafuta mvumo, hasa ukumbi ukiwa na taa za tyubu au dima. Koili moja inaokota Hz 50 za umeme wetu kama antena.

Ufito: kazi yenyewe si ngumu, umakini ndio mgumu. Pima kwanza upana wa mfereji wa kijiti. Nyingi zinauzwa saizi mbili, milimita 2.3 na 3.2. Ukilazimisha mnene kwenye mfereji mwembamba utapasua daraja. Legeza nyuzi, toa kijiti, safisha mfereji, halafu weka rula ya chuma ndani yake na umulike taa kutoka upande wa pili. Mwanga ukipenya chini ya rula, chini si sawa, na nyuzi za sehemu hiyo zitasikika chini kuliko nyingine. Hiyo ndiyo kasoro ninayoiona kuliko zote kwenye ufito, "uzi wa 6 hausikiki", na hakuna kitufe cha priampu kitakachoirekebisha. Sawazisha mfereji, usipachike vipande vya karatasi.

Toboa tundu la milimita 3.2 mwisho wa mfereji, upande wa besi au treble kulingana na maelekezo ya pikapu, kwa mlalo kidogo ili waya usipinde kwa pembe kali. Angalia ndani kwa kioo kwanza usije ukatoboa ule mti wa ndani unaoshikilia uso wa gitaa. Kijiti kipunguzwe chini kwa kiasi cha unene wa ufito, la sivyo nyuzi zitapanda juu. Msasa namba 220 uwekwe juu ya kioo au marumaru, kijiti kisimame wima ukikisugua. Mkono ukiyumba chini kinakuwa cha mviringo na tunarudi palepale pa uzi usiosikika. Kinatakiwa kuteleza mferejini kwa vidole. Kikibana, msukumo wa nyuzi haufiki kwenye ufito. Kikilegea, kinainama mbele.

Jeki inakaa mahali pa kitufe cha mkanda, nyuma. Tundu lake ni milimita 12.7, nusu inchi. Hapo ndani kuna gogo la mbao, kwa hiyo hakuna hatari kubwa, lakini usianze na keekee ya 12.7 moja kwa moja. Bandika tepu ya karatasi, panda kwa hatua, 6, 8, 10, kisha malizia na keekee ya ngazi. Vanishi ya F310 inachubuka haraka ukisukuma.

---

SahaniTatu:

Kuhusu visahani vya bei ya soda: vinafaa, na kwa hesabu ya FundiDaraja vina faida moja ambayo wengi hawaijui. Kisahani cha milimita 20 kina nanofaradi 10 hivi. Vitatu sambamba ni 30. Kwenye DI ya transfoma ya kiloomu 140 mpaka wa besi unashuka hadi Hz 38, yaani chini ya noti yako ya chini kabisa. Moja kwa moja kwenye laini ya kiloomu 10 bado ni Hz 530, usijaribu.

Chukua milimita 20, usichukue 27 japo ndivyo vinavyojaa madukani. Nyuzi darajani zinaachana milimita 10 na ushee, na visahani vinakaa kwa ndani, kwenye kile kibao kilicho chini ya daraja, chini kabisa ya mstari wa kijiti: cha kwanza kati ya uzi wa 6 na wa 5, cha pili kati ya 4 na 3, cha tatu kati ya 2 na 1. Hapo vituo vinaachana milimita 21 na vya 20 vinaingia bila kugusana. Vya 27 vinapandana, na ukingo wake unafika kwenye vile vifundo vya nyuzi vinavyokaa nyuma ya pini. Kifundo kikigusa kisahani unapata mlio wa kukwaruza kila ukipiga uzi huo.

Kuchomelea: risasi ya milimita 0.8, pasi iwe moto wa kutosha, gusa sekunde moja au mbili uachie. Ukikawia, ile fedha nyembamba juu ya seramiki inabanduka na kisahani kimekwisha. Waya wa katikati wa kebo unaenda kwenye seramiki, ule wa nje kwenye shaba. Vitatu vyote vifanane. Kimoja kikigeuzwa kinapingana na wenzake, na kodi nzima inasikika nyembamba wakati uzi mmoja mmoja unasikika vizuri. Tumia kebo yenye wavu wa nje mpaka mwisho, si nyaya mbili za kengele. Funika upande wa seramiki kwa tepu ya umeme, juu yake karatasi ya shaba iliyounganishwa na ule waya wa nje. Ukiacha wazi itaokota mvumo wa taa zote.

Kabla ya gundi, bandika kwa tepu yenye gundi pande mbili, funga nyuzi, sikiliza. Sogeza milimita 3 au 4 kama uzi fulani umezidi. Ukiridhika, toa tepu, futa kibao kwa spiriti kikauke, kisha supagluu ya jeli, tone dogo katikati, kandamiza sekunde 30, upande wa shaba ukiwa kwenye mbao. Ile gundi laini ya kubandika mabango inameza sauti za juu, na supagluu ya maji inachuruzika mpaka kwenye matundu ya pini. Ukitaka kuepuka kuchomelea kabisa, K&K Pure Mini ni wazo hilohilo likiwa tayari limeunganishwa, visahani vyake ni vidogo zaidi.

Ila namuunga mkono MitamboNaMluzi. Kwa Jumapili yenye drams, visahani vitavuma mapema. Kwa watu wanne bila drams vitaipita sumaku kwa mbali. Unasikia mbao, vidole, kila kitu.

---

UdiNaNailoni:

Kwa yule wa nailoni: sumaku haifanyi kazi kabisa, hakuna chuma cha kuisikia. Uzi wa 4, 5 na 6 una waya juu lakini ni shaba iliyopakwa fedha, nayo sumaku haiijali. Abaki na ufito au visahani. Nailoni inakandamiza kijiti kwa nguvu ndogo kuliko chuma, kwa hiyo ufito usiokaa sawa unajulikana upesi zaidi kwake.

Wapiga udi wa taarab wana shida hiyohiyo na kubwa zaidi: daraja la udi halina kijiti, nyuzi zinafungwa darajani kwenyewe, kwa hiyo ufito hauna pa kukaa. Kilichobaki ni kisahani kubandikwa karibu na daraja, kwa ndani kama mkono unapita, au maiki ndogo ya kubana.

---

MitamboNaMluzi:

Mambo matatu ya waya, kwa sababu ndiyo yanayotuita jukwaani saa moja kabla ya ibada.

Pikapu yenye betri inawashwa na jeki yenyewe. Tundu lake lina miguu mitatu, na plagi ya kawaida ya gitaa inaunganisha mguu wa kati na wa nje, betri inaanza. Ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, asubuhi betri imekufa. Na ukitumia ile kebo ya steleo yenye pete mbili nyeusi kwenye plagi, miguu haiunganishwi na pikapu haitoi kitu, watu wanafikiri imeharibika. Angalia plagi, iwe na pete moja nyeusi.

Kwa piezo isiyo na priampu, urefu wa kebo unakula sauti yote, si treble peke yake. Kebo ina pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Mita 6 ni 600, na ufito wa nanofaradi 1 hapo unapoteza desibeli 4. Weka DI karibu na miguu yako, umbali uliobaki upitie kebo ya XLR (ile ya maiki).

Mvumo: gusa chuma cha plagi. Ukipungua, kuna mahali wavu au etha (waya wa ardhi) haijafika, mara nyingi soketi ya ukutani au ekstensheni. Kama haubadiliki, bonyeza kitufe cha kuinua ardhi kwenye DI. Usikate pini ya etha ya plagi ya umeme kwa sababu yoyote. Mtu ameshika nyuzi za chuma na mdomo uko kwenye maiki. Mkondo ukikosa njia nyingine unapita hapo.

---

NyuziSita:

Nimewaelewa. Nachukua ya sumaku ya koili mbili isiyo na betri pamoja na DI yenye umeme inayotumia +48V ya mikisa. Visahani vitatu vya milimita 20 nitavifunga pembeni kwa ajili ya katikati ya wiki. Swali la mwisho: naweza kuvichanganya vyote kwenye jeki moja?

---

SahaniTatu:

Usivifunge sambamba kwenye jeki moja. Koili na kapasita ya nanofaradi 30 vikiungana, koili inapoteza sauti za juu na visahani vinapoteza nguvu, kila mmoja anamlemea mwenzake. Tumia tundu la steleo: sumaku kwenye ncha, visahani kwenye pete, kisha kebo ya Y inayogawanyika kuingia kwenye DI mbili au chaneli mbili za DI moja. Kwa njia hiyo Jumapili fundi mitambo anafunga chaneli ya visahani, katikati ya wiki anaifungua.

Na kwa kuwa zote mbili hazina betri, lile onyo la kebo ya pete mbili halikuhusu. Hapa ndiyo hasa unayoihitaji. Zikiwa wazi pamoja, geuza fezi ya moja usikilize uzi wa 6. Upande wenye besi nyingi ndio sahihi.